Uhakiki wa Kiswahili na Filamu Zilizopigwa Marufuku: Swala la Jinsia kutoka Shinjuku hadi Ruiru

Makala haya yamezuka kutokana na kikao kimoja cha kamati ya masomo ya uzamili, kikao ambacho hakikuzidi dakika 40 na ambacho kilizima kazi ya mwaka mzima ya mwanafunzi mmoja. Chuo chenyewe hatutakitaja. Wanaokijua watakitambua, na wasiokijua hawatapungukiwa na kitu, kwa maana yaliyosemwa humo yangeweza kusemwa katika idara yoyote ya Kiswahili nchini. Mwanafunzi huyo, mkazi wa Ruiru, alipendekeza kuandika tasnifu ya kulinganisha filamu mbili: Rafiki ya Wanuri Kahiu (2018) na Bara no Sōretsu, yaani Maandamano ya Mazishi ya Waridi, ya Mjapani Toshio Matsumoto (1969). Swali lake la msingi lilikuwa swali la lugha. Je, mtu ambaye jamii haijampa jina la heshima huitwaje katika Kiswahili? Yeye mwenyewe hujiitaje? Na mtafsiri afanyeje anapomkuta mtu wa namna hiyo katika lugha nyingine? Pendekezo hilo lilikataliwa kwa sababu tatu, nazo zilisomwa kwa sauti: kwamba filamu si fasihi, kwamba hamna Kiswahili cha kuhakikiwa humo, na kwamba maudhui yake ni ya kigeni na yanakiuka utamaduni wetu. Akashauriwa atafute riwaya moja ya Kiswahili na aandike juu ya usawiri wa mwanamke ndani yake.

Mimi nilikuwamo kikaoni. Nilisema maneno mawili matatu ya kujikinga, kisha nikatia sahihi. Kwa hiyo lawama zitakazofuata zinawahusu wenzangu na zinanihusu mimi vilevile, na msomaji azipime kwa mizani hiyo.

Hoja ya kwanza haistahili kutuchelewesha. Idara zetu zinafundisha nyimbo za taarabu, zinafundisha maandishi ya kanga, zinafundisha ngonjera na matambiko, na hapana anayedai kwamba hizo si fasihi kwa vile hazikuchapishwa baina ya majalada mawili. Tamthilia tunaifundisha huku tukisisitiza kwamba uhai wake uko jukwaani. Iweje basi mhusika akipanda jukwaani awe wa kifasihi, na akipita mbele ya kamera aache kuwa hivyo? Fauka ya hayo, Rafiki imechipuka moja kwa moja kutoka hadithi fupi, Jambula Tree ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyotunukiwa Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi hiyo ni ya wasichana wawili wa mtaa wa Nakawa, Kampala, na imeandikwa kwa mtindo wa barua. Kuitoa kwenye barua na kuitia katika sinema, kuihamisha kutoka Kampala hadi Nairobi, kuibadilisha lugha: haya ni maswala ya uhakiki linganishi ambayo mwanafunzi yeyote wa shahada ya kwanza anapaswa kuyajua. Naamini hata waliotoa hoja hii hawakuiamini. Ilitolewa kama vile mtu anavyofunga mlango wa nje kabla ya kufunga ule wa chumba alichokusudia.

Hoja ya pili ndiyo nzito, na ndiyo iliyonikosesha usingizi, maana inatugusa sisi ambao mkate wetu ni Kiswahili.

Ilidaiwa kwamba katika Rafiki hamna Kiswahili. Kwa hakika kimo, ila hakikuvaa tai. Wahusika wanasema Kiswahili, Sheng na Kiingereza, mara nyingine katika sentensi moja, kama wanavyosema watu wanaopanda matatu pale Ruiru saa kumi na mbili asubuhi kwenda mjini. Nimeishi Thika kwa miaka mingi, na sijapata kusikia Kiswahili cha vitabu vyetu vya sarufi kikitumiwa na mtu kumwambia mwenzake kwamba anampenda. Tukisema kwamba lugha hiyo si Kiswahili, basi tuwe na ujasiri wa kusema pia kwamba wakazi wa Makongeni, Kiandutu, Kimbo na Githurai hawana lugha, na kwamba idara zetu zimejengwa katikati ya mabubu.

Lakini tuliache swala la usanifu, twende kwenye sarufi yenyewe, kwani hapo ndipo pendekezo la mwanafunzi lilipokuwa na kina ambacho kamati haikukiona. Kiswahili hakibainishi jinsia katika viambishi vya nafsi. Nikisema "ameingia, ameketi, amelia," msikilizaji hajui kama ni mume au mke. Ngeli yetu ya kwanza inamkusanya mwanamume, mwanamke, mtoto, mfalme na mtumwa, na hata wanyama tunawaingiza humo kwa upatanisho. Hili tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kuwataka walikariri. Ila hatujawahi kuuliza lina maana gani kwa uhakiki wa jinsia. Nadharia tulizoazima, nyingi zimezaliwa katika lugha ambazo haziwezi kumtaja mtu mara mbili bila ya kumpangia jinsia. Tumezileta zilivyo na kuzibandika juu ya lugha ambayo inaweza kumsimulia mtu kurasa 300 bila ya kumwambia msomaji kilicho chini ya nguo zake.

Sasa tumtazame Eddie, mhusika mkuu wa Bara no Sōretsu. Eddie ni mwanamume anayeishi kama mwanamke na kufanya kazi katika baa iitwayo Genet, mtaani Shinjuku, Tokyo. Mchezaji wake, ambaye jina lake la kisanaa ni Peter, hakuwa mchezaji aliyebobea. Alikuwa kijana kutoka ulimwengu ule ule uliokuwa ukionyeshwa. Matsumoto anaipindua hadithi ya Edipode: Eddie anamuua mama, anaishi na mwanamume ambaye baadaye anagundulika kuwa baba yake, na mwisho anajitoboa macho. Wanafunzi wetu waliosoma Mfalme Edipode kwa Kiswahili, katika tafsiri ya Samuel Mushi, wanaijua hadithi hiyo vizuri kuliko wanavyodhani. Kisha, katikati ya mchezo, Matsumoto anausimamisha mchezo na kuwahoji wachezaji wake mbele ya kamera, kana kwamba yuko katika filamu ya taarifa: mbona unaishi hivi, unajionaje, unataka nini? Hivyo mtazamaji aliyekuja kushangaa anajikuta ameketishwa mbele ya mtu anayeongea kwa utulivu juu ya maisha yake.

Mtafsiri wa Kiingereza akimtaja Eddie kwa nafsi ya tatu, hana budi kuchagua jinsia, na kila chaguo ni hukumu. Mtafsiri wa Kiswahili halazimiki. "Anajipodoa kiooni" inatosha. Hapa lugha yetu inamheshimu Eddie kuliko lugha ya Shakespeare inavyoweza. Hata hivyo Kijapani nacho kina mtego wake, na mwanafunzi wetu alikuwa ameuona. Katika Kijapani jinsia hujitokeza zaidi pale mtu anapojitaja mwenyewe: ore ni "mimi" ya mwanamume anayejivunia uanaume wake, boku ni ya mvulana au mwanamume mpole, atashi aghalabu ni ya mwanamke. Mtu anaweza kuhama kutoka "mimi" hii hadi "mimi" ile katika mazungumzo ya jioni moja, na wasikilizaji wakajua amevuka mpaka. Sisi tuna "mimi" moja tu kwa wote. Je, uvukaji huo utafsiriwe vipi?

Mwanafunzi alikuwa na jibu la muda. Alipendekeza kwamba mtafsiri asihangaike na kiwakilishi, bali aende kwenye miito ya wanawake wa pwani: "mie" badala ya "mimi", "mwenzangu", "bibi we", na zaidi ya yote, "shoga". Kwamba jinsia katika Kiswahili haikai katika sarufi, bali inakaa katika namna watu wanavyoitana. Naliona pendekezo hili kuwa miongoni mwa mambo ya maana kabisa niliyopata kuyasoma katika mapendekezo ya wanafunzi. Kamati ililipita kwa cheko, kwa sababu ya neno moja.

Neno lenyewe ni hilo la mwisho. Yeyote aliyekulia Lamu, Mombasa au Unguja anajua kwamba "shoga" ni mwito wa mahaba baina ya wanawake marafiki. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikwisha kuliandika hivyo. Katika matumizi mengine neno hilo hilo limehamia kwa mwanamume anayelala na wanaume, na katika mitaa ya bara, Thika ikiwamo, maana hii ya pili ndiyo pekee inayojulikana, tena kama tusi. Neno limesafiri kutoka ukumbini kwa wanawake hadi kinywani mwa makanga. Safari kama hii inapotokea kwa neno "mwungwana" au "ustaarabu", tunaiandikia makala na kuitana makongamanoni. Inapotokea kwa "shoga" tunatazamana na kucheka.

Kinyume cha safari hiyo ndicho alichokifanya Kahiu katika jina la filamu yake. Ameeleza hadharani kwamba wapendanao wa jinsia moja, wanapowatambulisha wenzao mbele za watu, hulazimika kusema tu: huyu ni rafiki yangu. Neno la Kiarabu lililokuja kwetu likiwa na maana ya mwandani wa safari limegeuzwa kuwa maficho. Katika filamu nzima, Kena na Ziki hawajipi jina jingine. Wanaahidiana tu kwamba hawatakuwa kama wale walioko huko chini, kwamba watakuwa kitu halisi, na kitu hicho hakitajwi. Mhakiki wa Kiswahili ambaye haoni lolote la kusema juu ya filamu inayoitwa Rafiki, ambayo mvutano wake wote uko katika yale ambayo neno hilo linayabeba na yale linayoyaficha, basi sijui anahakiki nini.

Nitoe mfano mwingine, huu wa mtaani, kwa vile tunapenda kuwasingizia wananchi chuki ambazo ni zetu. Wapo wasimuliaji wa filamu ambao sauti zao zinajulikana kila kibanda cha video kati ya Githurai na Thika. Kenya ina DJ Afro, na Tanzania ilikuwa na Lufufu. Hawa hupokea filamu za Hong Kong, za Bombay na za Hollywood, wakazisimulia upya kwa Kiswahili cha mitaani. Kuna jioni moja nilikaa katika kibanda huko Kimbo, Ruiru, miongoni mwa waendesha bodaboda, tukitazama filamu ya upanga. Ndani yake mlikuwa na shujaa mwovu aliyejihasi ili apate nguvu za ajabu, na kadiri nguvu zilivyozidi ndivyo alivyozidi kuwa mwanamke, mrembo, mwenye kupendwa. Msimuliaji alianza kwa kumwita "jamaa". Baadaye akamwita "mrembo". Akarudi kwa "jamaa", akajikwaa, watu wakacheka. Kisha akaamua, na tangu hapo hadi mwisho akamwita "huyu mtu". Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyeomba pesa zake zirudishwe. Msimuliaji yule, ambaye sidhani kwamba amepata kusoma ukurasa mmoja wa nadharia, alilitatua tatizo la tafsiri la Bara no Sōretsu kwa maneno mawili ya Kiswahili safi.

Tuje kwenye hoja ya tatu, ya ugeni. Hii hutolewa kwa sauti ya juu kwa sababu mtoaji anajua kuwa anayempinga ataonekana kuwa kibaraka wa Wazungu. Kwanza, historia ya filamu yenyewe. Rafiki ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kwa tamasha la Cannes. Mnamo Aprili 2018, kabla haijaonyeshwa huko, Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini iliipiga marufuku, ikisema kwamba ilikusudia kueneza usagaji kinyume cha sheria. Kwa maelezo ya mwongozaji mwenyewe, aliombwa abadilishe mwisho wa filamu kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliondoa marufuku kwa siku saba ili filamu istahiki kupendekezwa kwa tuzo za Oscar, na watazamaji wakajaza ukumbi Nairobi. Aprili 2020 Mahakama Kuu hiyo hiyo, kwa jaji mwingine, ikaithibitisha marufuku. Kabla yake Stories of Our Lives ya Jim Chuchu na kikundi cha Nest ilikwisha kuzuiwa mwaka 2014, na mtayarishaji wake mmoja akakamatwa kwa madai ya kupiga picha bila leseni. Baadaye, mwaka 2021, ikafuata I Am Samuel ya Peter Murimi. Sheria iliyotumika ni ile ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea. Kwa hiyo, katika mgogoro huu, iliyotungwa na Wakenya ni filamu. Sheria tuliirithi.

Naona haya kuwakumbusha wasomi wa fasihi habari za Kamĩrĩĩthũ. Novemba 1977 serikali iliifuta leseni ya kuonyesha Ngaahika Ndeenda, mchezo wa marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, huko Limuru. Thika, Ruiru na Limuru zote zimo katika Kaunti ya Kiambu. Ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Kila mwaka tunaifundisha habari hiyo kwa masikitiko na fahari: leseni ilivyofutwa, mwandishi alivyotiwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, jengo la wanakijiji lilivyobomolewa mwaka 1982. Tunawauliza wanafunzi katika mtihani: jadili udhibiti wa sanaa katika Kenya huru. Kisha mwanafunzi anakuja na mfano wa karne yake mwenyewe, wa leseni, wa marufuku, wa msanii kukamatwa, tunamwambia huo si udhibiti, huo ni ulinzi wa maadili. Wale waliofuta leseni ya Ngaahika Ndeenda nao hawakusema kwamba wanaogopa wakulima. Walisema mchezo unaleta uchochezi na kuvuruga amani ya wananchi.

Hata katika fasihi ya Kiswahili kwenyewe tunalo funzo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa kutumiwa shuleni kwa sababu ya mambo ya ngono na utoaji mimba yaliyomo. Leo ni riwaya ya kutahiniwa, na walimu wanaisifu kwa kuwaonya wasichana.

Kuhusu utamaduni, nitasema kwa hadhari. Miongoni mwa Wagĩkũyũ, Wakamba, Wanandi na Wakuria palikuwa na ndoa ya mwanamke kumwoa mwanamke, na mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa kama hiyo ya Kinandi katika kesi ya urithi. Wapo wanaharakati wanaotaja desturi hii kama ushahidi wa usagaji wa jadi. Mimi siwafuati. Ilikuwa ndoa ya ukoo, ya mahari, ya watoto na ya ardhi, na kuibebesha mapenzi ya Kena na Ziki ni kuidhulumu. Lakini inathibitisha jambo moja ambalo linatosha kwa hoja yangu: wazee wetu hapa hapa, na ng'ambo ya mto Chania kule Murang'a, walijua kuitenganisha nafasi ya "mume" na mwili wa mwanamume. Anayesema kwamba swala la jinsia kutofuata mwili lililetwa kwa ndege na filamu za Japani, huyo hajui kwao.

Na tukitaka kweli kuuzungumzia ugeni, mbona hatulalamiki kwamba Thika yenyewe ilijulikana kwenye televisheni za dunia kupitia The Flame Trees of Thika, mfululizo wa Kiingereza wa mwaka 1981 uliotokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959? Humo Thika ni bustani ya walowezi na mwenyeji ni mpishi. Hiyo haijawahi kuvuruga utamaduni wa mtu yeyote kamatini.

Baada ya kuyasema hayo, sina budi kuwageukia pia wale waliokutana nami nje ya ukumbi na kunipongeza kwa msimamo ambao, kwa kweli, sikuuchukua. Limezuka kundi, hasa la vijana wetu waliorudi kutoka vyuo vya ng'ambo, ambalo kwalo marufuku ni cheti cha ubora. Filamu ikipigwa marufuku basi ni ya kimapinduzi. Ikivunja mwiko basi inamkomboa mwanamke. Historia ya sinema ya Japani inawaumbua hawa.

Mwaka 1976 Nagisa Ōshima alitengeneza Ai no Korīda, juu ya Abe Sada, mwanamke aliyemuua mpenzi wake Tokyo mwaka 1936 na kumkata uume. Ili kuikwepa sheria ya uchafu, filamu ilipigwa Japani na kusafishwa Ufaransa. Iliporudi nyumbani ilionyeshwa ikiwa imefunikwa-funikwa. Ōshima alishtakiwa, si kwa filamu yenyewe bali kwa kitabu cha mswada na picha zake, akaachiliwa mwaka 1979 na uamuzi huo ukathibitishwa mwaka 1982. Hapa kuna mwanamke ambaye hamu yake ndiyo inayoiendesha hadithi. Lakini tangu mwaka 1971 kampuni ya Nikkatsu nayo ilikuwa ikitoa mfululizo wa filamu za mapenzi ya wazi, ambapo mwongozaji aliruhusiwa kusimulia apendavyo maadam aweke maonyesho ya ngono kila baada ya muda fulani. Wapo waongozaji hodari waliopitia humo, na wapo waliopelekwa mahakamani. Filamu ngapi kati ya hizo zilimpiga, zikamfunga kamba na kumbaka mwanamke, huku wahakiki wakishangilia uasi dhidi ya dola? Mwaka 1975 Laura Mulvey alieleza jinsi kamera inavyoweza kuwa jicho la mwanamume hata pale inapojidai haina upande. Mwiko wa dola unaweza kuvunjwa kwa kumkanyaga mwanamke kama ngazi. Kuvunja na kukomboa ni vitenzi viwili tofauti, na kazi ya mhakiki ni kuonyesha kila mara ni kipi kimetendeka.

Kwa kipimo hicho Rafiki nayo ina dosari. Ni tamu mno kwa macho. Zambarau na waridi zake zinaufanya mtaa wa mabati uonekane kama duka la peremende, na hili nadhani ni la kukusudia kwa msanii anayetetea sanaa ya Kiafrika yenye furaha. Dosari kubwa zaidi ni wanawake wakubwa. Wasichana wawili wanapewa ndani ya nafsi zao vyumba vingi, lakini Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula, amebaki kuwa mmbeya tuliyemzoea katika vichekesho vya televisheni, na mama yake Kena amekunjwa ndani ya Biblia hadi dakika za mwisho. Baba mwenye duka anapewa upole na mashaka, na ndiye anayekumbukwa. Filamu iliyokuja kuuvunja mwiko mmoja imeacha mwingine wa zamani ukiwa umesimama: kwamba mlinzi wa gereza la mwanamke ni mwanamke mwenzake. Haya yalihitaji kuandikwa. Yangeandikwa katika tasnifu ile.

Kwa upande mwingine kuna Tom, kijana ambaye mtaa mzima unajua yukoje na unamdhihaki. Hasemi karibu neno lolote. Baada ya kundi la watu kuwashambulia wasichana, Kena anakaa karibu naye, wote kimya. Hapo filamu haina Kiswahili, hilo nakubali, kwani haina lugha yoyote. Nimewahi kuandika kurasa 30 juu ya kimya katika tamthilia za Ebrahim Hussein na nikapandishwa cheo kwa ajili yake.

Linabaki jambo la "usawiri". Neno hili limekuwa ugonjwa katika idara zetu. Fungua rafu yoyote ya tasnifu utakuta: usawiri wa mwanamke katika riwaya hii, usawiri wa mwanamke katika ushairi ule, usawiri wa mwanamke katika Utendi wa Mwana Kupona kwa mara ya ishirini. Mbinu ni ile ile. Wahusika wa kike wanapangwa mistari miwili, wema na wabaya. Mwandishi anasifiwa kwa wa kwanza na kulaumiwa kwa wa pili. Sura ya mwisho inapendekeza mwanamke asawiriwe vyema. Uhakiki wa namna hii ulikuwa na kazi yake miongo iliyopita, ulipoanza kuwaonyesha wanaume kwamba wanawake wamo vitabuni. Sasa umegeuka kuwa daftari la mahudhurio. Hauwezi kumwona Eddie, kwa kuwa hajui amwandike upande gani. Hauwezi kumwona Tom. Hauwezi hata kumwona Kena, ambaye anacheza mpira na wavulana, anauza duka la baba yake, na ambaye alama zake zinamtosha kuwa daktari. Ni mwanamke mwema au mbaya? Daftari halina safu ya kumtia.

Kuhusu Stories of Our Lives nitasema moja tu. Filamu hiyo ya sehemu tano, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, ilianza kama mradi wa kuwarekodi watu wakisimulia maisha yao. Sehemu yake moja inaitwa kwa Sheng, Itisha Poa. Simulizi zilizokusanywa kwa vinywa vya wenyewe, zikafichiwa majina ya wasimulizi, kisha zikatungiwa mchezo: katika silabasi yetu hiyo inaitwa fasihi simulizi, na tuna kozi mbili nzima juu yake.

Mwanafunzi niliyemtaja aliacha masomo kwa muhula mmoja, akarudi, na sasa anaandika juu ya riwaya aliyopewa. Anaiandika vizuri, hana namna nyingine ya kuandika. Tulipokutana stendi ya Ruiru aliniambia, "Mwalimu, mie nishazoea," na nilisikia ile "mie" aliyokuwa akiitetea. Nimeiandikia kamati barua kuomba sahihi yangu iondolewe katika uamuzi ule na pendekezo lisomwe tena na msomaji wa nje, mtu wa isimu asiyetujua. Barua hiyo ina kurasa mbili. Hadi naandika makala haya haijajibiwa.